Mfano wa Reli

Songea hakuna reli. Haijawahi kuwepo, na mimi niliyezaliwa hapa nikaenda kufanya kazi ya reli nilitaniwa kwa hilo miaka yote niliyokuwa kazini. "Wewe kwenu treni mnaisikia redioni," wenzangu walikuwa wakiniambia, "leo umekuja kutupungia bendera sisi?" Nilicheka nao. Nilikuwa mkuu wa stesheni ndogo kule bonde la Kilombero. Nilikuwa na kofia, filimbi, bendera ya kijani na nyekundu, na abiria wakinisalimia kwa adabu zao zote. Mtu wa namna hiyo hata akitaniwa haumii.

Kisha tukapunguzwa kazi, na mimi nikawamo. Nikarudi mtaani kwetu Bombambili na mke, watoto na sanduku la bati, tukafikia kwa mama yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa ameshawaambia watu wa mtaa mzima kwamba mwanawe ndiye anayeruhusu treni kuondoka. Mama alinipokea kofia, akaipangusa, akaitundika kwenye msumari wa sebuleni, juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila anayeingia. Nilitamani aifiche.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mji mzima ulikuwa unauza kitu. Mwalimu anauza maandazi, karani ana kibanda cha soda, muuguzi anauza vitenge vya kutoka nje kwenye mfuko wa rambo. Mke wangu naye akaingia kwenye mitumba. Alipata pa kutandika turubai sokoni, akanichukua nimsaidie. We acha tu! Siku ile ile mteja mmoja alichukua suruali, akaivuta huku na huku, akainusa, akaitupa chini akisema imechakaa. Nikamwambia kama anataka mpya akavue ya baba yake. Mke wangu aliniangalia, akaokota suruali, akaikunja taratibu. "Baba," akasema, "nenda tu nyumbani kapumzike."

Nikaenda kupumzika. Mwanamume wa umri wangu, mwenye afya, nimetumwa nyumbani nikapumzike saa za kazi! Njiani nilipita vichochoroni nisikutane na mtu wa kuniuliza ninatoka wapi. Mkononi nilikuwa nimeshika utepe wa chuma, ule unaofungia marobota ya mitumba, sijui hata niliuokotea nini. Nilipofika nikaukata, nikausimamisha kwa ubavu juu ya kipande cha mwanzi. Nikauona ni reli.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilisafisha chumba cha stoo, nikasogeza magunia ya mahindi upande mmoja, nikaunga mbao kuzunguka kuta tatu, mbao za kuunga na kufungua, maana paa lilikuwa linavuja na nilijua siku moja nitazihamisha. Mataruma ya kulalia reli nilichonga ya mwanzi, moja moja, nikayatia mkato wa kuukaba ule utepe usiyumbe. Kokoto zilikuwa mchanga wa mtoni niliouchekecha kwa chujio la chai la mama, naye akalitafuta chujio hilo kila jioni na mimi nikamsaidia kulitafuta. Milima niliumba kwa karatasi za mifuko ya saruji na uji mzito wa muhogo. Miti ilikuwa dodoki, nimelikatakata na kulitia rangi ya kijani ya kutilia ukili. Kichwa cha treni nilikichonga kwa mninga, nikakitia mota ya redio kaseti iliyokufa, na betri za tochi zikakaa kwenye behewa la nyuma.

Sikutaka kiwe kitu cha kuchezea watoto, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa. Nilitaka kiwe kweli. Mabati ya nyumba niliyapata kwa kupasua tyubu ya dawa ya meno na kuikandamiza juu ya meno ya kitana, yakatoka na migongo yake sawasawa. Halafu nikayapaka maji ya udongo mwekundu hapa na pale, kwa sababu hakuna bati la Songea lisilo na kutu. Ukuta wa tofali nikauchora nyufa. Choo nikakiwekea mlango wa gunia. Ukiniuliza nilikuwa nafanya nini, mwenyewe nisingeweza kukujibu. Nilijua tu kwamba nikishika koleo, kifua kinapoa.

Na reli yenyewe ilikuwa inakwenda wapi? Inakuja Songea, bwana. Ilianzia Makambako, ambako treni ipo kweli, ikapanda milima ya Njombe, ikateremka Madaba, ikaingia mjini, ikafika Bombambili yetu hii. Niliwaza wenzangu wale wa kazini waione, wafunge midomo. Na mtaa niliutengeneza nyumba kwa nyumba. Nilikuwa natembea mchana kama mtu anayekwenda dukani, ninahesabu madirisha ya watu. Bomba mbili nilizitengeneza kwa sindano, nikaziweka pembeni ya njia ili asiwepo wa kubisha ni mtaa gani.

Aibu niliyokuwa nayo usiombe. Mgeni akibisha hodi nilitoka stooni na nyundo na kiti kibovu, kiti kile kile, ili nionekane ninatengeneza kiti. Ni kiti kilichotengenezwa kuliko viti vyote vya Mkoa wa Ruvuma. Mke wangu alijua, na hakuwahi kunisema. Alikuwa akirudi sokoni ananiletea tepe za marobota zimefungwa vizuri, anaziweka mlangoni pa stoo, anapita kwenda kupika. Afadhali angenitukana.

Mama naye alijua, ila sikujua kwamba naye ana aibu yake. Siku ya jumuiya, wanajumuiya wakiwa wamemaliza sala na wanakunywa uji, mama mmoja akamuuliza kwa wema tu: "Na yule kijana wako wa reli, siku hizi anafanya nini?" Mama yangu angesema nini? Aseme anacheza na treni stooni wakati mke wake yuko juani? Akafikiri, akapata neno. "Anatengeneza mfano wa reli," akasema. "Reli ya Songea."

Hakusema uongo. Lakini mtu wa kwetu ukimwambia mfano, hafikirii mwanasesere. Sisi tumeletewa shamba la mfano, nyumba ya mfano, choo cha mfano, na kila mara ulipotangulia mfano kitu chenyewe kilifuata, au angalau mabwana wa kukihimiza walifuata. Na mwaka ule ule watu wa ardhi walikuwa wamepita mtaani na kamba zao, wakapima barabara, wakapigilia vigingi, wakaondoka bila kusema neno. Basi watu wakayaunganisha. Yule wa reli hakuachishwa kazi, ametumwa. Ndiyo maana anatembea akihesabu nyumba. Ndiyo maana anajifungia.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu watu wameanza kunisalimia vizuri kupita kiasi. Mwenye mashine ya kusaga akanisagia bure. Mzee mmoja akanisimamisha njiani akaniuliza kama tofali za kuchoma zina fidia kubwa kuliko za udongo. Nikamwambia sijui. "Haya, haya," akasema, akanikonyeza.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja mjane, rika la mama yangu, aliyeimba naye kwaya tangu usichana. Mumewe alikuwa amezikwa hapo hapo kiwanjani kwake, nyuma ya choo, kaburi la saruji lenye msalaba, na pembeni yake ua la waridi ambalo yule mama alilimwagilia hata kiangazi maji yakiwa ya kugombania. Siku moja nikiwa nimekwenda sokoni kufuata tepe, akaja kwa mama kuomba auone mfano kwa macho yake. Mama akamfungulia stoo. Akauona mtaa, akaiona nyumba yake, bati lake lenye kiraka, choo chake, mlango wake wa gunia. Kaburi hakuliona. Mahali pa kaburi ilipita reli.

Jioni akaja kwangu. Nilikuwa uani na kiti changu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sikukalishi. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Mtatupa muda gani?"

"Muda wa nini, mama?"

"Wa kumtoa mwenzangu." Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia. "Sipingi maendeleo. Ila sitaki aje kufukuliwa na trekta, mifupa yake ikatupwe na vifusi. Nimewapelekea salamu shemeji zangu kule Peramiho. Jumamosi wanakuja na majembe, na katekista atasali. Tutampeleka akalale kwao."

Ndipo nilipoelewa salamu zote zile, na unga wa bure. "Mama," nikasema, "hakuna reli. Hakuna kitu. Ule ni mchezo tu."

"Mchezo?" Akanitazama toka kichwani hadi kandambili. "Mtu mzima kama wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenye kofia ile?"

"Nimeachishwa kazi, mama. Nacheza tu."

Akatikisa kichwa, akanishika mkono kwa huruma. "Naelewa, mwanangu. Mmeapishwa. Sitakuponza kwa mtu." Akaondoka.

Nilimfuata hadi kwake, nikarudia, akanipa ndizi. Nilimwendea katekista, naye akaniambia kwa upole kwamba kumtunzia mtu siri ni jambo jema, lakini mama wa watu aachwe afanye alilokusudia. Nilimwambia mama yangu aende akaseme ukweli. Mama akainamia jiko, akapuliza moto uliokwisha kuwaka. "Nikaseme nini?" akauliza. "Nikaseme mwanangu anacheza?" Neno hilo alilitamka kwa shida, kwa sauti ndogo, asije akasikiwa na majirani, na mimi nikajua kwa mara ya kwanza jinsi nilivyomwaibisha. Nilitoka nje. Sikuweza kukaa naye jikoni.

Ukweli ukawa haununuliki. Reli ya kutoka Makambako hadi nyuma ya choo cha jirani waliiamini wote. Mtu mzima kuchezea treni hawakuamini hata kidogo.

Jumamosi asubuhi nikasikia majembe yanatuliwa upande wa pili wa ua. Shemeji zake walikuwa wamefika, watu wazima wenye mikono ya kazi, na katekista na kitabu chake, na jumuiya nzima na vitenge vyao vya kanisa. Mke wangu hakuwa ameenda sokoni. Alisimama mlangoni pa stoo.

"Waoneshe," akasema.

"Nimewaambia mpaka nimechoka!"

"Usiwaambie, baba. Cheza. Wakikuona wataamini."

Nilimjibu vibaya, sitaki kurudia nilivyomjibu. Alinisubiri nimalize, kisha akaingia, akaanza kufungua mbao. Alijua ziliungwa wapi na wapi. Tukabeba kipande cha Bombambili, yeye mbele mimi nyuma, tukapita kwenye uwazi wa ua, tukakiweka juu ya benchi la yule mama, hatua chache kutoka kaburini. Jembe la kwanza lilikuwa bado halijashuka. Mmoja wa mashemeji akaliegemea, akangoja kuona serikali inataka nini.

"Hii ndiyo reli," nikasema. "Hii nimeitengeneza kwa ajili ya kucheza. Hakuna nyingine."

Katekista akakohoa. Mke wangu akanipa kofia. Sijui aliitoa saa ngapi msumarini. Nikaivaa. Nikapiga magoti kwenye udongo mbele ya benchi, nikiwa na suruali yangu ya kanisani, nikaunganisha waya kwenye betri.

Nikacheza. Sina namna nyingine ya kusema. Nilipuliza filimbi, nikapunga bendera, nikasema, "Treni ya abiria itokayo Makambako!" Na treni ikaondoka, ikapita bomba mbili, na kwa kuwa mota ile haina mlio nikaupiga mimi kwa mdomo. Chaka-chaka-chaka-chaka. Puuuu! Jasho linanitiririka. Nilizunguka na magoti kulifuata behewa, nikaongeza milio ya breki, nikaita majina ya stesheni, nikaona nikiacha hata kidogo watafikiri natania. Niliona miguu tu, kandambili na raba za kanisani, na miongoni mwake miguu ya mama yangu. Sikuinua macho.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule shemeji mwenye jembe. "Ala! Kumbe anacheza kweli!" Akacheka mpaka akakaa juu ya tuta. Mwingine akadakia, "Stesheni masta, nikatie tiketi ya daraja la pili, nina mbuzi!" Wakaangua kicheko wote, akina mama wakajishika mbavu, katekista akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Sikuwahi kudhalilika namna ile maishani mwangu, na nilikuwa nashukuru. Walikuwa wameamini. Kila aliyecheka nilimhesabu kuwa jembe moja limerudi begani.

Yule mama hakucheka. Alisubiri wenzake wapungue, akaja akasimama juu yangu.

"Kwa hiyo ni mchezo," akasema.

"Ni mchezo, mama. Ndivyo nilivyokuwa nakwambia."

"Hakuna anayekuja kumtoa."

"Hakuna, mama."

Akainama, akaweka kidole kwenye mbao, nyuma ya choo kidogo chenye mlango wa gunia. "Basi kaburi la mume wangu ulilitoa wewe. Kwa ajili ya kucheza."

Vicheko vikakatika.

Nilifungua mdomo kueleza. Nilikuwa na maelezo, tena ya kitaalamu. Treni lazima izunguke ndipo irudi, na ikizunguka kwa kona fupi inaacha reli, na nafasi ya kona ndefu ilikuwa pale tu. Nilipima kila kitu cha yule mama. Kiraka cha bati nilikiweka. Ndoo yake niliiweka hadi kishikio. Kaburi nililiona kila siku niliyopita pale, nikaliona na ua lake limemwagiliwa, nikasema moyoni hili halitatosha. Nilimwondoa marehemu apishe mota ya redio. Ningeanzaje kumweleza hayo, nikiwa nimepiga magoti, na kofia kichwani? Ile aibu ya kuchezea mbele za watu, niliyokuwa nimeilia wiki nzima, nikaona haikuwa kitu. Hii ndiyo yenyewe.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Alikwenda kaburini, akachota udongo pale kwenye ua la waridi, akaurudisha ukiwa kiganjani. Akaufinyanga, akauweka juu ya reli yangu, kwenye kona, akaubonyeza pande nne kwa vidole mpaka ukakaa. Kisha akavunja kijiti cha kiberiti, akakifunga msalaba kwa uzi wa kitenge chake, akakichomeka. Ulikuwa mkubwa mno ukilinganisha na nyumba. Nikaona hilo, Mungu anisamehe, hata wakati ule nikaona kwamba vipimo haviendani.

"Haya, uiwashe," akasema.

Nikaiwasha. Ikapita bomba mbili, ikaingia kona, ikafika kwenye udongo, ikagonga, ikasimama. Magurudumu yakawa yanazunguka palepale. Hakuna aliyecheka. Mama yangu akaja, akanivua kofia kichwani, akanishika kwapani kunisaidia kusimama, kama unavyomwinua mgonjwa. "Twende nyumbani," akasema.

Sikuuondoa ule udongo. Uliwahi kukauka ukapasuka, nikaupaka uji wa muhogo usibomoke. Reli ya mbele yake niliing'oa yote, na treni yangu ikawa inaishia Bombambili, inarudi kinyumenyume hadi Makambako kwa kugeuza waya za betri. Fundi yeyote wa reli angenicheka. Kiti kibovu nilikipasua kuni. Nikaanza kwenda sokoni asubuhi kumbebea mke wangu marobota, na wateja nikajifunza kuwanyamazia, na jioni nikarudi stooni mlango ukiwa wazi. Mtaani watoto waliniita Puu, na baadhi ya wakubwa pia. Mama akiulizwa kwenye jumuiya, nasikia, alikuwa anasema nauza mitumba, na kama aliyeuliza bado anamtazama, anaongeza, "Na anacheza."

Yule mama alikuwa akipita siku mojamoja akitoka bombani. Alitua ndoo mlangoni, akaingia bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye kona. Alikagua kama msalaba haujalala, akapuliza vumbi. Mimi nilisimama pembeni na waya zangu mkononi, sikuthubutu kugusa kitu hadi amalize. Akimaliza alijitwika ndoo yake, akanipita, akasema bila kugeuka, "Haya mwanangu, cheza."